Sengu ya Chuo

Tasnifu yangu ilisifiwa. Naanza na hilo kwa sababu ndugu zangu wakiniona nimenuna mbele ya kile kitabu chenye jalada jekundu, hudhani nilifeli nikaficha. Sikufeli. Mtahini wa nje, ambaye hanijui wala simjui, aliandika kwamba ni kazi imara, yenye mbinu safi na hitimisho linalobebwa na ushahidi. Msimamizi wangu alinipa mkono mbele ya watu. Nikatabasamu, nikarudi chumbani, nikajifungia na kulia mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia upo, ila wa siku nyingi.

Mada yangu ilikuwa sengu. Kwa asiyekulia kwetu Umatengoni, sengu ni mlo. Nyumba zote za babu mmoja zilipika kila moja kwenye moto wake, lakini wanaume hawakula majumbani mwao. Kila mama alibeba alichopika mpaka kwa mzee wa ukoo, vikawekwa pamoja, wakala pamoja, mwenye nyama na mwenye maharage matupu, mboga zikichanganyika mpaka hakuna aliyejua anakula cha nani. Hapo hapo, mikono ikiwa kwenye ugali, ndipo walipopangiana kazi za shamba, wakasutana, wakapatana, wakaamua nani aoe na nani asubiri kwanza. Sisi wanawake tulikula jikoni na watoto. Na tusidanganyane, huko jikoni nako mambo yaliamuliwa, ila hakuna msomi aliyekuja kuyapa jina.

Nilipozaliwa sengu ilikuwa ya babu. Alipofariki ikawa ya baba yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kiume wa tumbo moja, baba yangu mdogo. Habari hii yote ni ya hao wawili. Mimi nilikuwa katikati yao na makaratasi yangu.

Zilipoingia zama za ruksa, kila mtu akaachiwa afanye biashara, baba mdogo hakusubiri aambiwe mara mbili. Malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa yalianza kupanda mpaka vijijini kwetu juu ya Mapera, Mbinga mjini kukajaa mitumba na soda, na yeye akaanza kushusha mahindi na maharage ziwani na kupandisha dagaa. Mwisho akafungua duka Mbamba Bay, sabuni, khanga, chumvi, mafuta ya taa, akahamia huko na familia yake. Hakuna aliyemlaumu. Tulijisifu naye shuleni, eti baba yetu mdogo ana mizani mbili.

Kilichoharibu mambo kilitokea baada ya mazishi ya babu. Wanaume walikaa kula, sengu ya kwanza ya baba, na baba ndiye aliyemega tonge la mwanzo. Baba mdogo akasema mbele ya wote, huku anacheka, "Kaka, mambo ya kubebeana vyungu yamepitwa na wakati. Siku hizi kila mtu ale kwake na afunge mlango. Mimi siwezi kutoka ziwani nije kula ugali." Alikuwa na mdomo wa utani tangu utoto, kila mtu alijua. Lakini siku ile udongo wa babu ulikuwa haujakauka, na baba alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani. Akanawa, akainuka.

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Miaka ikapita. Na lile neno la utani likafanya kazi yake, maana wanaume wengine nao wakaanza mmoja mmoja kula kwao na kufunga milango, huyu kwa sababu mkewe amechoka kubeba, yule kwa sababu siku hizi ana nyama na haoni kwa nini aigawe. Baba akabaki anakula na redio. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi, maana mimi nikiudhika nasema, na nikisema jirani anasikia. Yeye alikuwa akikaa tu kwenye ncha ya benchi, kama abiria anayemwachia mwenzake nafasi, na nafasi yenyewe haikaliwi na mtu.

Basi nikaenda chuo, nikiwa mwalimu mtu mzima, nimeomba ruhusa na nimepewa kwa manung'uniko. Nikachagua kuandika juu ya sengu na jinsi biashara huria ilivyoitawanya. Msimamizi wangu alikuwa mtu wa kaskazini, Muislamu mpole, mwenye kalamu nyekundu isiyokuwa na upole wowote. Nilimpelekea kurasa nyingi za usaili wa wazee wa kwetu, wa Kitura na wa Litumbandyosi, nikidhani atanipongeza. Akazisoma zote. Akaniambia, "Hawa wote wanakumbuka. Hakuna anayekula."

Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema tasnifu nzuri inaeleza ulichokikuta, haielezi ulichokitamani. "Nenda nyumbani ukaangalie. Kama sengu ipo, ieleze inavyoliwa. Kama haipo, eleza ilivyokufa. Lakini usiniletee ndoto za wazee ukaziita matokeo."

Nilifunga safari nikiwa nimevimba. Basi mpaka Songea, kutoka Songea nikapanda lori la mbolea mpaka Mbinga, na njia nzima nilikuwa nikijibizana naye kichwani. Nilipofika nyumbani hasira ziliniisha zenyewe. Baba alikuwa amekonda. Kikohozi kilikuwa kimemkaa kifuani, na akipanda kutoka kisimani alisimama katikati ya njia akijifanya anaangalia mibuni ya jirani.

Mama aliniita jikoni. Mama yangu hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema, "Baba yako hana siku nyingi, na yeye anajua. Kitu anachotaka ni kimoja. Anataka kula na mdogo wake kabla hajafa. Hatakuambia wewe, hatamwambia padri. Nakuambia mimi."

Nikamuuliza kwa nini asimwite. Mama akaniangalia kama vile sikuzaliwa nyumba ile. "Amwite yeye? Aliyetukanwa ndiye aite?"

Jioni ile baba akaanza mwenyewe, kwa mbali, akiwa anachambua maharage ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa. "Hicho chuo chako, kinataka kuona sengu?"

"Ndiyo, Baba. Kwa macho."

"Sengu ya nani sasa? Yangu na redio?"

Akachambua kidogo tena. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Nenda ziwani. Mwambie yule mtu kwamba chuo kinamhitaji. Usinitaje. Sema chuo."

Sijawahi kushuka mteremko ule wa kwenda Mbamba Bay kwa furaha kama siku ile. Lori lilikuwa likilia kwenye kona, akina mama wenye magunia ya ngano wakisali rozari kwa sauti, na mimi nacheka peke yangu. Ukifika kona fulani ziwa linajitokeza lote kwa mara moja, na joto linakupanda usoni. Nikamkuta baba mdogo dukani anapima mafuta ya taa. Alikuwa amenenepa na kupata mvi, na nywele zake zilikuwa zimerudi nyuma palepale zilipokuwa zimerudi za baba.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, msomi wetu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimetumwa na chuo."

Alinikaribisha ndani, mkewe akanipa ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa, mnono, wa kuchoma. Nikaeleza. Nikasema utafiti wangu unahitaji kuona ukoo ukila pamoja, na kwamba bila watu wa tumbo moja kazi haitakuwa na uzito. Alianza kutania, eti sasa ugali nao unafanyiwa digrii. Kisha utani ukamkauka. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

"Chuo chenyewe kimesema nije?"

"Kimesema."

"Na kaka anasemaje?"

"Hajasema kitu."

Akafuta kaunta yote mpaka mwisho, akarudi nayo. "Haya. Kama ni kazi ya chuo mtu utakataaje. Hayo ni mambo ya serikali." Na macho yake yalikuwa mekundu, mimi nikaona, mkewe akaona, sote watatu tukazungumzia bei ya samaki.

Alikuja Jumapili baada ya misa, na mbasa wakavu wamefungwa kwenye mkeka. Nyumba zote zilipika. Sijui mama alisema nini kwenye mlango wa kila jiko, lakini wanawake waliokuwa hawajabeba chungu miaka na miaka walitoka wamebeba, wamevaa khanga mpya, wanachekana. Wanaume wakakaa kwenye benchi na mikekani. Mimi nikaelekea jikoni na wenzangu, mguu umezoea. Baba akaniita.

"Njoo ukae hapa mlangoni."

Shangazi yangu akang'aka kutoka jikoni kwamba tangu lini binti anakaa kwenye sengu. Baba akamjibu, "Leo huyu si binti. Leo ni chuo." Wakacheka, nikakaa kwenye kigoda na kinasa sauti changu cha kaseti magotini.

Maji ya kunawa yalikuwa kwenye jagi. Desturi ni kwamba mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa, na palikuwa na vijana wengi pale wa kufanya kazi hiyo. Baba mdogo akainuka, na unene wake, akalichukua yeye. Akammiminia kaka yake maji. Baba akanawa taratibu mno, akarudia, na jagi likawa linaisha na hakuna aliyesema basi.

Wakala. Mwanzoni walikuwa hawasemeshani, wanasema na mimi. "Andika," baba alisema akiniangalia, "kwamba mdogo wangu huyu alipokuwa mtoto alikuwa akificha viazi kwenye kaptura."

"Andika," baba mdogo akasema, naye ananiangalia mimi, "kwamba kaka yake ndiye aliyekuwa akivipora."

"Andika kwamba nilivipora kwa sababu vilikuwa vyangu."

"Andika kwamba hilo ni la uongo, na marehemu mama angekuwepo angelisema."

Wakaendelea hivyo, mimi nageuza shingo huku na huku, watu wanashika mbavu. Kisha baba akaonja mboga akasema, "Chumvi imezidi." Na baba mdogo akajibu bila kupitia kwangu, "Imezidi kweli. Ni chumvi ya dukani kwangu." Baba akacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na mdogo wake akampiga mgongo kwa kiganja, polepole, akaacha mkono pale pale mgongoni hata kikohozi kilipokwisha. Nilikuwa nikitazama kaseti inazunguka na sioni kitu kwa machozi.

Alipokuwa anaondoka alisimama kwenye mlango wa lori. "Basi tutaonana wakati wa kahawa," akasema, ananiangalia mimi. "Mwambie chuo kisinisahau." Watu wote wakacheka, na baba akacheka kuliko wote.

Niliandika sura ile kwa moto. Sijawahi kuandika vile kabla wala baadaye. Nilieleza maji, viazi, chumvi, mkono mgongoni, na nikaonyesha kwamba sengu haijafa bali imelala, na kwamba soko huria limeitawanya lakini halijaiua. Nilikuwa na uhakika kwamba ndiyo itakayoibeba tasnifu nzima. Msimamizi aliisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Alipomaliza alivua miwani.

"Ni sura nzuri kuliko zote ulizoandika," akasema. "Itoe."

Nikadhani sijasikia sawasawa.

"Nani aliwaita?" akauliza.

"Mimi."

"Wangekuja kama usingewaita?"

Nikaanza kukusanya kurasa zangu.

"Basi hiyo uliyoiona ni sengu yako wewe. Umeipika, umeila, umeiandika. Mtahini atauliza swali hilo hilo kwa sentensi moja na kazi yako yote itaanguka." Kisha akalegeza sauti, maana hakuwa mtu mbaya, nasema kweli, ingawa siku ile nilimtukana kwa Kimatengo kuanzia ofisini kwake mpaka bwenini. "Umesema mdogo mtu ameahidi kurudi wakati wa mavuno. Nenda ukae nyumbani, usimwite. Akija mwenyewe, una tasnifu ambayo sijapata kusimamia mfano wake."

Nikarudi nyumbani wakati wa kahawa. Safari hii sikuwa na hasira, nilikuwa na hofu. Baba alikuwa amebadilika. Mwili ulikuwa umepungua zaidi, lakini uso ulikuwa na nuru, nywele zimenyolewa, benchi limepigiliwa misumari mipya. Alimkataza mama asichinje jogoo mwekundu. Kila Jumapili baada ya misa alikaa kwenye ncha ya benchi, na gari likisikika likipanda kilima alipunguza sauti ya redio. Gari likipita aliiongeza tena.

Jumapili zikaenda. Watu wakachuma, wakamenya, wakaanika. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Baba, niache nishuke ziwani. Au nimtume dereva tu, neno moja, chuo kinakuita. Kesho yake atakuwa hapa."

"Usimwite," akasema.

"Baba, kifua chako..."

"Kifua changu nakijua. Sikiliza, mama." Akinipenda sana aliniita hivyo, mama. "Mara ya kwanza alikuja kwa chuo. Nilifurahi, sikatai. Lakini ukimwita tena kwa chuo, atakuwa amekuja kwa chuo mara mbili. Kwangu hajaja bado. Mimi nataka aje kwangu."

Watu hawa wawili, mzee wa ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, na mibuni juu ya Mapera na daktari wa falsafa wa Dar es Salaam, walikuwa hawajawahi kuonana wala kusikiana, na walikuwa wananitaka kitu kimoja. Wote wawili walitaka aje bila kuitwa. Kila nilikogeuka nilikatazwa kufanya jambo dogo kuliko yote, kumtumia mtu salamu. Mama alijaribu jikoni, shangazi akajaribu kwa ukali wake, baba akatuambia kwamba atakayemtuma mtu ziwani asimsemeshe tena. Tulimjua. Alikuwa ameshaonyesha kwamba anaweza.

Kahawa ikaisha. Mama akachinja jogoo kwa ajili ya safari yangu, na baba akala shingo tu. Aliniaga akiwa amesimama, amejishikilia kwenye mlango, akaniambia, "Andika ulichokikuta." Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba msimamizi wangu husema hivyo hivyo.

Alifariki mvua zilipoanza. Nilifika nikiwa nimesafiri na matope mpaka magotini. Tulimzika bila mdogo wake, kwa sababu mteremko wa ziwani ulikuwa umekatika na magari hayapandi, na mwili usingeweza kusubiri. Baba mdogo alifika watu wakiwa wanasawazisha udongo kwa majembe. Sehemu ya njia alikuwa amepanda kwa miguu, na umri wake na unene wake, viatu amevishika mkononi. Alisimama pembeni ya kaburi. Hakulia kwa sauti. Kisha akaenda akakaa kwenye benchi, na wanawake walipoleta chakula akatikisa kichwa. Mimi sikumsogelea. Nilikuwa na chuki naye ya ajabu, chuki ya kumng'ata. Nilisema moyoni, umeshinda dukani unapima mafuta ya taa wakati kaka yako anapunguza sauti ya redio.

Nikaenda nikamaliza tasnifu. Nikaandika kwamba sengu, katika ukoo nilioutafiti, imekufa. Nikaeleza jinsi ilivyokufa, kwa hatua, na ushahidi. Msimamizi hakuweka wino mwekundu kwenye sura ile hata mahali pamoja. Alipojua mhusika mkuu wa utafiti alikuwa nani na amepatwa na nini, alinipa pole, na kesho yake nikaona machoni kwamba naye hakulala vizuri.

Kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka nilikwenda na kile kitabu. Mama alitaka padri akibariki. Baada ya ibada watu wakala, kila mtu na sahani yake ya plastiki, amejitafutia kivuli. Baba mdogo alikuwa peke yake kwenye benchi. Akaniita kwa mkono, akaomba kukiona. Akavaa miwani, akafungua, akaanza kupekua kurasa kwa kidole alichokilowesha, kwa adabu, kama anapekua misale ya padri.

"Nionyeshe ile siku yetu," akasema. "Mimi na kaka. Ya viazi."

"Haimo, Baba mdogo."

"Haimo vipi? Si uliiandika? Si ulinasa na sauti?"

"Niliiandika. Ikatolewa."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa na chuki yangu, nikataka imchome. Nikamwambia, "Kwa sababu ulikuja kwa kuitwa. Chuo kilitaka uamue mwenyewe kuja. Baba naye alitaka hivyo hivyo. Alikusubiri kahawa nzima. Alitukataza kukuita, alitaka uje kwake bila kuitwa na mtu."

Akafunga kitabu. Akakiweka magotini na kukilalia kwa mikono yote miwili.

"Kahawa ile nilikuwa nimefunga mzigo," akasema. "Muulize mama yako mdogo. Mbasa wamekaushwa, wamefungwa mkekani, wamewekwa mlangoni. Kila lori lililoshuka nilitoka barabarani nikauliza, kuna salamu zangu za chuo? Mpaka madereva wakaanza kunicheka. Wale samaki waliharibika, nikakausha wengine."

Nikamwambia, "Ungekuja tu. Mlango ulikuwa wazi."

"Wewe unaweza kusema hivyo, wewe hukuutukana." Aliniangalia juu ya miwani, na alikuwa mzee kabisa. "Mimi niliondoka kwenye sengu ya kaka yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu, udongo wa baba haujakauka. Mtu wa namna hiyo, mama, asipoitwa anarudije?"

Nilimkumbuka akiondoka, ameshika mlango wa lori, anasema chuo kisimsahau, na sisi sote tunacheka. Lile la kwanza alilosema kwenye mazishi ya babu lilikuwa utani, tukalichukua kama kweli. Hili lilikuwa kweli, tukalichukua kama utani. Baba mdogo akanirudishia kitabu kwa mikono miwili. Kisha akasogea mpaka ncha ya benchi, pale alipokuwa akikaa baba, akaomba aletewe maji ya kunawa, na nikaenda kumletea.